Kwa nini vitanda vya shule ya polisi vilikuwa sharti la amani Sierra Leone

MWAKA 2001 Sierra Leone ilikuwa na kikosi kikubwa zaidi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa duniani. Baraza la Usalama lilikuwa limeidhinisha wanajeshi 17,500 katika nchi ambayo eneo lake ni dogo kuliko lililokuwa likiitwa Mkoa wa Bonde la Ufa nchini Kenya.

Gharama ya kikosi hicho, kilichojulikana kama UNAMSIL, ilipita dola 600 milioni kwa mwaka. Januari 18, 2002, Rais Ahmad Tejan Kabbah alipotangaza kwamba vita vilivyodumu tangu Machi 1991 vimekwisha, mataifa yaliyokuwa yakilipa gharama hizo yalianza kuuliza swali moja: wanajeshi hawa watarudi makwao lini?

Sehemu ya jibu haikuwa katika misitu waliyojificha waasi wala katika kumbi za mikutano za New York. Ilikuwa Hastings, kijiji kilicho karibu kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Freetown, ambako kuna shule ya mafunzo ya polisi. Shule hiyo ni kwa raia wa Sierra Leone kile ambacho chuo cha Kiganjo ni kwa Wakenya. Shida ni kwamba vita vilipokoma, ilikuwa na uwezo wa kuchukua makurutu 200 tu kwa wakati mmoja.

Kisa cha ukarabati wa shule hiyo kinaeleza jambo ambalo mara nyingi husahaulika watu wanapozungumzia amani. Mikataba hutiwa sahihi kwa siku moja na silaha huweza kukusanywa kwa miezi michache. Kumpata askari polisi anayeweza kutumwa kijijini bila bunduki, akasikilizwa, ni kazi ya miaka. Kazi hiyo huhitaji paa lisilovuja, maji, vyoo, jiko na darasa, na kila kimojawapo lazima kigharamiwe na mtu fulani.

Mkono wa Wakenya

Wakenya wana sababu ya kukikumbuka kisa hiki. Kikosi cha jeshi la Kenya kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kupelekwa chini ya UNAMSIL, na kilipiga kambi katika maeneo ya Makeni na Magburaka kaskazini mwa nchi. Mei 2000, waasi wa Revolutionary United Front (RUF) walizishambulia kambi za walinda amani na kuwateka nyara takribani 500, wengi wao wakiwa Wazambia. Wanajeshi wa Kenya walikuwa miongoni mwa waliouawa na waliotekwa.

Baadaye mwaka huo Jenerali Daniel Opande wa Kenya alikabidhiwa uongozi wa kijeshi wa kikosi hicho chote. Kufikia mwanzoni mwa 2002, zaidi ya wapiganaji 70,000 kwa jumla walikuwa wamesalimisha silaha. Ni ufanisi ambao bado hutajwa kila panapojadiliwa njia za kumaliza vita barani Afrika.

Hata hivyo, silaha zilipokusanywa pengo kubwa lilijitokeza. Mwanajeshi wa kigeni anaweza kuzuia kundi la waasi lisiingie mjini. Hawezi kupeleleza wizi wa mbuzi, kuandika taarifa ya mwanamke aliyebakwa, kumfikisha mshukiwa mahakamani au kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba kwa lugha ya wenyeji. Hayo ni majukumu ya polisi, na polisi hawakuwapo.

Polisi waliokimbiwa na raia

Kabla ya vita Sierra Leone ilikuwa na askari polisi wapatao 9,300. Vita vilipomalizika walikuwa wamesalia takribani 6,600. Wengine walikuwa wameuawa, wengine walikimbia, na wengine waliacha kazi na kwenda kujitafutia riziki. Waasi walipouvamia mji wa Freetown Januari 6, 1999, maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa watu waliosakwa mmoja mmoja na kuuawa, huku vituo vyao vikiteketezwa.

Lakini kupungua kwa idadi hakukuwa tatizo pekee. Imani ya raia kwa polisi ilikuwa imekufa kabla ya risasi ya kwanza ya vita. Katika utawala wa Siaka Stevens na chama chake cha APC, uliodumu kuanzia 1968 hadi 1985, mkuu wa polisi alipewa kiti bungeni na kitengo maalum chenye silaha kikageuzwa rungu la kuwapigia wapinzani. Kitengo hicho kiliitwa SSD kwa kifupi, na raia waliokiogopa wakazigeuza herufi hizo kuwa na maana ya mbwa wa Siaka Stevens.

Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo, iliyotoa ripoti yake 2004, iliorodhesha ufisadi na utawala mbaya wa miaka hiyo miongoni mwa mambo yaliyoiandalia vita njia.

Kwa sababu hiyo, waliotaka kuijenga upya shule ya Hastings walikabiliwa na swali gumu. Je, fedha hizo zingezaa polisi wapya, au zingempa mkandamizaji wa zamani nyumba mpya?

Hesabu ya vitanda

Serikali ya Rais Kabbah, kwa ushauri wa Umoja wa Mataifa, iliweka lengo la kufikisha idadi ya polisi 9,500, yaani karibu kiwango cha kabla ya vita. Maana yake ni kwamba walihitajika askari 2,900 zaidi, mbali na wale ambao wangechukua nafasi za waliostaafu, waliofariki na waliofukuzwa.

Hapo ndipo idadi ya vitanda ilipogeuka kuwa suala la kidiplomasia. Chukua mfano wa mafunzo ya miezi sita. Shule yenye nafasi 200 huweza kutoa askari 400 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo pengo la watu 2,900 lingezibwa kwa zaidi ya miaka saba, hata kama hakuna afisa mmoja ambaye angestaafu. Shule hiyo hiyo ikipanuliwa ichukue makurutu 600, hutoa askari 1,200 kwa mwaka, na pengo likazibwa kwa takribani miaka miwili na nusu.

Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni zaidi ya miaka minne. Ukiilinganisha na gharama ya kikosi cha kigeni kinachomeza mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka, bei ya kujenga mabweni machache huonekana kama tone baharini.

Hilo ndilo lililofanyika. Kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na wafadhili, uwezo wa shule ya Hastings uliongezwa kutoka makurutu 200 hadi 600. Baraza la Usalama nalo, kupitia azimio nambari 1436 la Septemba 2002, liliruhusu idadi ya maafisa wa polisi wa kimataifa katika UNAMSIL kuongezwa hadi 170, ili wasaidie kufundisha na kuwaelekeza wenzao. Kupunguzwa kwa wanajeshi wa kigeni kuliambatanishwa na maendeleo ya polisi na jeshi la nchi hiyo: kadiri wenyeji walivyoweza kubeba mzigo, ndivyo wageni walivyofunga virago.

UNAMSIL ilikamilisha kazi yake Desemba 31, 2005, polisi wa Sierra Leone wakiwa wamekaribia lengo la 9,500.

Kwa nini fedha hizi ni adimu

Msomaji anaweza kujiuliza: ikiwa hesabu ni rahisi hivyo, kwa nini shule za polisi katika nchi nyingi zilizotoka vitani hukaa miaka bila madirisha? Sababu ni tatu.

Kwanza ni kanuni za matumizi. Fedha zinazotozwa mataifa wanachama kwa ajili ya kulinda amani huidhinishwa kugharamia kikosi chenyewe: mishahara, chakula, magari, mafuta na ofisi zake. Hazikukusudiwa kumjengea mwenyeji majengo yake. Kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa anaweza kuwa na helikopta kumi na asiwe na ruhusa ya kununua mabati ya kuezeka bweni la makurutu. Upo mfuko mdogo wa miradi ya haraka inayokusudiwa kujenga imani ya wenyeji, lakini kwa kawaida mradi mmoja hauzidishi makumi ya maelfu ya dola. Huweza kurekebisha kituo cha polisi au kuchimba kisima, si kufufua shule nzima.

Kwa hivyo, ukarabati mkubwa hutegemea michango ya hiari. Nchi tajiri huombwa kuchangia, nazo huamua zitakavyo. Nyingine huahidi mkutanoni na kuchelewa kutoa.

Pili ni hofu ya jina baya. Mfadhili akijenga zahanati, hupigwa picha akiwa na akina mama na watoto. Akijenga shule ya polisi, na miezi sita baadaye polisi hao wakawapiga risasi waandamanaji, bunge la nchi yake litamtaka ajieleze. Kwa muda mrefu mashirika ya misaada yaliikwepa sekta ya usalama kwa sababu hiyo, yakiona ni mambo ya wanajeshi na majasusi. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kubadili msimamo huo mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sierra Leone ikawa uwanja wake mkuu wa majaribio.

Tatu ni gharama zisizokoma. Kujenga jengo hulipwa mara moja, ilhali kuwalisha makurutu 600, kuwavisha, kulipa wakufunzi, kununua mafuta ya jenereta na kutapisha vyoo ni matumizi ya kila mwezi. Wafadhili wengi hulipa la kwanza na kuiachia serikali la pili, na serikali iliyotoka vitani mara nyingi haina ushuru wa kutosha kulibeba.

Fedha hupitia wapi

Katika miradi ya aina hii, fedha hazikabidhiwi mkuu wa shule katika bahasha. Kwanza wahandisi hukagua majengo na kuandika kila kinachohitajika, kutoka idadi ya mifuko ya saruji hadi mabomba. Makadirio hayo hupelekwa kwa mfadhili, ambaye mara nyingi huzipitisha fedha kwenye shirika kama lile la Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP). Zabuni hutangazwa, mwanakandarasi huteuliwa, na malipo hutolewa kwa awamu baada ya kila hatua kukaguliwa.

Utaratibu huo huzuia wizi, lakini huchukua muda. Mvua nazo hazingoji. Freetown ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi Afrika Magharibi, na kati ya Juni na Septemba ujenzi hukwama. Awamu ya fedha ikichelewa miezi miwili, kazi huenda ikachelewa mwaka mzima.

Uamuzi mwingine mgumu ni wa kipaumbele. Wanasiasa hupenda kuanza na lango kubwa, uwanja wa gwaride na jengo la utawala, kwa sababu hivyo ndivyo mgeni rasmi atakavyoviona siku ya ufunguzi. Wakufunzi hutaka kuanza na maji, vyoo na jiko. Ugonjwa wa kuhara ukizuka katika bweni lenye vijana 100, mafunzo husimama, hata kama lango limepakwa rangi ya dhahabu. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Mabweni ya wanawake pia hayawezi kuachwa yawe nyongeza ya baadaye. Vita vya Sierra Leone viliandamana na ubakaji wa kiwango cha kutisha, na mwaka 2001 polisi wa nchi hiyo walianzisha vitengo maalum vya kushughulikia dhuluma za kijinsia na za watoto. Vitengo hivyo vilihitaji maafisa wanawake. Shule isiyo na mahali salama pa wanawake kulala na kuoga huwafungia nje kabla hawajajaza fomu.

Jengo na mwalimu

Fedha za mabati pekee zisingetosha. Kwa ombi la Rais Kabbah, Jumuiya ya Madola ilituma wataalamu wa polisi nchini humo 1998. Mmoja wao, Mwingereza Keith Biddle, aliteuliwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwishoni mwa 1999 na kushika wadhifa huo hadi 2003, kisha akarithiwa na mwenyeji, Brima Acha Kamara.

Kumweka mgeni juu ya polisi wa taifa huru lilikuwa jambo lisilo la kawaida, na lilizua manung'uniko. Waliolitetea walisema kwamba mtu asiye na ukoo, kabila wala chama nchini humo angeweza kuwafukuza wazembe na kuwapandisha vyeo wanaostahili bila kuogopa simu za wakubwa. Katika kipindi hicho polisi walipewa kaulimbiu mpya ya kuwa nguvu ya kutenda mema. Idara ya kupokea malalamishi dhidi ya maafisa iliundwa, na polisi wakaagizwa kuwauliza wakazi wa kila eneo wanataka ulinzi wa namna gani.

Uingereza, kupitia iliyokuwa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa (DFID), iligharamia sehemu kubwa ya mageuzi hayo. Baadaye Umoja wa Mataifa ulianzisha Mfuko wa Kujenga Amani, na mwaka 2007 Sierra Leone ikatengewa dola 35 milioni, ikiwa miongoni mwa nchi mbili za kwanza kunufaika pamoja na Burundi. Sekta ya usalama ilikuwa mojawapo ya zilizopewa mgao.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka huo huo wa 2007. Uchaguzi wa rais ulikwenda duru ya pili, hamaki zikapanda, na chama tawala kikashindwa. Polisi walisimamia usalama, Ernest Bai Koroma wa upinzani akaapishwa, na nchi haikurudi vitani. Miezi michache baadaye Kenya ilijionea kwa uchungu jinsi uchaguzi unavyoweza kuchukua mkondo tofauti.

Shule yageuka hospitali

Mwaka 2014 majengo ya Hastings yalipata kazi ambayo hakuna mfadhili aliyeiwazia. Ebola ilikuwa imeingia Freetown, na eneo la jiji na viunga vyake halikuwa na kituo cha kuwatibu wagonjwa. Serikali iliigeuza shule ya polisi kuwa kituo cha tiba, nacho kikafunguliwa Septemba 20 mwaka huo. Tofauti na vituo vingi vilivyoendeshwa na mashirika ya kigeni, cha Hastings kiliendeshwa na madaktari, wauguzi na wahudumu wa Sierra Leone wenyewe.

Kati ya wagonjwa 581 waliolazwa humo katika miezi ya kwanza, chini ya theluthi moja walifariki. Idadi ya vifo ilikuwa kubwa mwanzoni, karibu nusu ya wagonjwa, ikapungua kufikia takribani robo wahudumu walipopata ujuzi na vifaa. Katika mkurupuko ambao katika sehemu nyingine uliua zaidi ya nusu ya walioambukizwa, hayo yalikuwa mafanikio makubwa.

Hakuna aliyejenga mabweni hayo kwa nia ya kupambana na Ebola. Hata hivyo, jengo lenye paa, ua na nafasi ya kuwatenga watu, lililokuwa mikononi mwa serikali na lisilohitaji kujengwa upya, liliokoa muda ambao nchi haikuwa nao. Novemba 7, 2015, Sierra Leone ilitangazwa kuwa huru kutokana na ugonjwa huo, baada ya kupoteza watu zaidi ya 3,900.

Mafanikio yenye doa

Ingekuwa uongo kudai kwamba ukarabati wa shule uliwaponya polisi wa Sierra Leone maradhi yao yote. Aprili 2012, katika mji wa Bumbuna, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa mgodi waliokuwa wakigoma, na mwanamke mmoja akauawa. Agosti 10, 2022, maandamano ya kulalamikia gharama ya maisha yaligeuka umwagaji damu. Maafisa sita wa polisi waliuawa na umati, na zaidi ya raia 20 wakapoteza maisha.

Matukio hayo yanaonyesha mipaka ya fedha za wafadhili. Zinaweza kununua saruji, vitabu na hata muda wa mwalimu bora. Haziwezi kumlipa afisa mshahara unaomtosha miaka 20 baada ya kuhitimu, wala kumzuia mwanasiasa kumpigia simu akimwagiza awatawanye wapinzani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na polisi wanaomtegemea mgeni kwa sare na mafuta ya gari hudhoofika siku mgeni anapogeukia vita vingine.

Hata hivyo, kipimo cha haki si kuuliza kama polisi hao ni wakamilifu. Ni kuuliza wapi nchi ingekuwa bila wao. Taifa ambalo 1999 maafisa wake walisakwa nyumba kwa nyumba limefanya chaguzi kadhaa na kubadilishana madaraka kati ya vyama mara mbili, 2007 na 2018. Limetuma maafisa wake kulinda amani katika nchi nyingine, wakiwemo waliohudumu Kismayu nchini Somalia, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Kenya.

Walinda amani wa Kenya waliokwenda kuinusuru Sierra Leone mwaka 2000 hawangedhani kwamba siku moja vijana wa nchi hiyo wangekuja kulinda usalama jirani na Lamu. Kati ya safari hizo mbili palikuwa na mambo mengi: mikataba, mahakama, kura na maombolezo. Palikuwa pia na makurutu 600 waliolala chini ya paa moja Hastings, wakaamshwa alfajiri, wakafundishwa namna ya kuandika taarifa ya mlalamishi kabla ya kumuuliza anatoka kabila gani.